Aliyekuja Kumimina Maji

Kafuri ilikuwa imeisha. Huo ndio uzembe wangu wa kwanza siku ile, na bora niukiri mapema. Mkosha maiti kuishiwa na kafuri ni kama mpishi kuishiwa na chumvi. Nikavaa koti juu ya gauni la kazi, nikatoka kwenda Alum Rock Road. Saa kumi kasorobo, na kiza kishaanza kushuka. Desemba ya Birmingham ndiyo hiyo, ukichelewa chakula cha mchana unakila kwa taa.

Nilikuwa nimechoka. Hilo nalitanguliza kwa sababu nimejiuliza sana kwa nini sikuona mapema, na jibu ni hilo tu. Miaka kumi na tisa nakosha wanawake katika nyumba yetu ya mazishi pale Saltley, tangu alipofariki mama yangu, Bi Thuwaiba. Mgongo umekwisha. Usingizi wenyewe siku hizi naupata kwa vipande.

Asubuhi ile Barwako alinipigia simu, sauti imemkauka. Barwako ni Msomali aliyekulia Nairobi, na yeye ndiye hunimiminia maji.

"Bi Nunu, walahi leo siwezi. Homa imenishika mbaya. Najua uko pekee yako, pole sana."

Kukosha maiti ni kazi ya watu wawili. Mmoja anamimina, mmoja anasugua. Peke yako unaweza, lakini utajuta. Basi nikampigia binti yangu Iman, anayefanya kazi kwa daktari wa meno kule Sutton Coldfield. Iman hataki hata kuisikia kazi hii. Amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila umsemeshe vipi, atakujibu kwa Kiingereza. Kaka yangu Feisal humtania kwamba ana masikio ya Unguja na ulimi wa Birmingham.

"I'll try, Mum," akaniambia.

Nilijua hapo haji mtu.

Nyumba yenyewe aliinunua babu yangu, Mzee Mwinjuma, mwaka 1981. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha magari Washwood Heath, na siku zile mtu wetu akifa tukimkosha bafuni kwa watu, mlango wazi nusu kwa sababu hapatoshi. Babu jambo hilo likimuuma. Kulikuwa na Mzungu mmoja, Walter, ambaye ukoo wao ulizika watu kutoka nyumba ile vizazi vitatu. Hakuwa na mtoto wa kumwachia, akamuuzia babu. Siku ya kumkabidhi funguo alimpeleka chumba cha nyuma, akamwambia kuna mwanamke huja siku nyingine kusaidia. Akija, mwacheni amalize.

Babu, na Kiingereza chake cha kiwandani, alidhani anaambiwa habari za mfagizi. Mwaka mzima akamsubiri mfagizi wake! Siku za Idi tukikumbushana hadithi hiyo tukicheka mpaka machozi.

Bibi peke yake ndiye hakuwa akicheka.

Nikarudi na kafuri yangu mfukoni. Feisal alikuwa ameondoka na gari kufuata karatasi za mazishi. Watoto wa marehemu walikuwa waje saa kumi na mbili kumuaga mama yao, na yeye amelala pale chumba cha nyuma, kafunikwa, ananisubiri. Jina lake nalihifadhi. Tunayoyaona juu ya kitanda kile hatuyatoi nje.

Nikavaa glavu. Nikachanganya maji na majani ya mkunazi. Nikainama, na mgongo ukanikata pale pale.

"Nikusaidie, mama?"

Nikageuka. Iman. Kasimama karibu na mlango wa nyuma na koti lake la kijivu, ushungi kichwani, jagi tayari mkononi.

"Loo! Mwanangu wee, umekuja!"

"Nimekuja kukumiminia maji."

Nilifurahi jamani. Sina namna nyingine ya kusema. Mtoto niliyembembeleza miaka, amekuja mwenyewe, siku ambayo nilikuwa karibu kulia. Furaha ilinifunika macho.

Tukaanza. Nikitaja upande wa kulia, kishamimina. Nikisema polepole, maji yashapungua. Jagi halikutetereka. Hata Barwako, na uzoefu wake wote, huniloweka viatu. Huyu, hata tone.

"Mashallah," nikamwambia. "Kumbe ulikuwa ukitazama siku zote."

"Polepole, mama. Mgongo wako."

Maji ya mkunazi yakaisha. Tukaingia maji safi. Chumba kilikuwa na harufu kali ya kafuri, mpaka puani inachoma. Nikasema moyoni, kafuri nzuri hii, safari hii sikuuziwa takataka...

Kisha nikakumbuka.

Kafuri ilikuwa bado mfukoni mwa koti langu. Haijafunguliwa.

Nikasikiliza. Maji yalikuwa yakimwagika kitandani, nayaona yakiteremka, yakiingia kwenye mfereji. Hayakuwa na sauti. Nikatazama mkono wa koti lake la kijivu. Mimi nilikuwa nimerowa hadi kifuani. Mkono wake ulikuwa mkavu.

Simu ikalia.

Ilikuwa juu ya rafu. Nikaona jina kwenye kioo. Nikaibonyeza kwa kiwiko, kwa spika.

"Mum, I'm so sorry. I'm still in Sutton. No trains."

Sauti ya Iman. Nyuma yake kelele za stesheni, tangazo, watu wanalalamika kwa kuchelewa. Bado yuko Sutton Coldfield. Treni hakuna.

"Mum? You there?"

Aliyeshika jagi hakuinua uso. Alikuwa akimtazama marehemu kwa upole, na kidevu kile ni cha mwanangu, na kovu dogo lile juu ya nyusi ni la mwanangu, alilipata kwa kuanguka ngazini ana miaka minne.

Na Iman wangu hajawahi kunijibu kwa Kiswahili. Hata siku moja.

"Kaa hapo hapo," nikaiambia simu. "Ukipata treni, njoo." Nikakata.

Niliijua sheria. Mama alinipa sheria hiyo katika wiki yake ya mwisho duniani, kwa kunong'ona, katika chumba kile kile. Kuna anayekuja kumimina bila kuitwa, akaniambia. Huja na sura ya mwanamke aliye hai. Usimwite jina, usimfukuze. Akimaliza maji ya mwisho, mwenye sura ile ataletwa juu ya kitanda hiki kabla ya siku saba kwisha. Mara ya kwanza alikuja na sura ya jirani yetu. Bibi akamshukuru, akamkaribisha chai. Siku ya tano jirani akaletwa.

"Na akija na sura ya mtu wako?" nilimuuliza mama.

Alinishika mkono.

"Bibi yako yalimfika," akasema. "Sura ilikuwa yangu. Alimnyang'anya jagi, maji ya kafuri akayamimina yeye."

"Ikawaje?"

"Siku ya saba nilimkosha mimi. Nilikuwa mshona nguo, Nunu. Nyumba hii hata kuingia sikuwa nikitaka."

Basi. Nimesimama pale, maji ya kafuri ndiyo pekee yaliyobaki, na yule kishanyoosha mkono kuifuata ndoo ya tatu. Maji yake yalikuwa meupe, yameshachanganywa. Mimi sikuyachanganya.

Ishirini na sita tu, mwanangu. Hajaolewa. Juzi kaninunulia mto wa kuwekea mgongo.

"Nipe," nikamwambia.

"Bado moja, mama."

"Nipe hilo jagi."

Nikalishika. Vidole vyake havikuachia. Vilikuwa baridi, baridi ninayoijua, kwa sababu naishika kila siku. Tukavutana bila kelele, marehemu wa watu katikati yetu, na mimi naomba msamaha ndani kwa ndani kwa aibu ile. Sikuwa na nguvu. Nilikuwa na hasira tu, hasira ya mtu aliyechoka na bado anadaiwa kitu kimoja zaidi.

Akaachia.

"Haya," akanong'ona. "Kama unavyotaka, mama."

Nikainama, nikachota, nikamimina. Kichwani, kulia, kushoto, mpaka miguuni. Safari hii maji yalilia. Nilipoinua uso sikumwona mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo lake kama nilivyouacha mchana.

Nikamkausha marehemu, nikamvisha sanda, nikamtia udi. Watoto wake walipokuja walisema mama yao anapendeza. Nikawajibu alhamdulillahi, nikaenda jikoni kushika ukuta.

Iman alifika saa moja na nusu, kalowa mvua, anahema, anaomba radhi zote za dunia kwa Kiingereza chake. Nikamshika uso. Ulikuwa wa moto. Nikamkumbatia mpaka akacheka, akaniuliza nimepatwa na nini.

"Una likizo?" nikamuuliza. "Chukua wiki. Njoo nikufundishe."

Maneno yale yakanitoka kinywani. Nikakaa kwenye kiti.

Kwa sababu si yangu. Ni ya mama. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa nikipanga masanduku kwenye ghala, nikimkwepa kama Iman anavyonikwepa, na jioni moja alinipigia simu kazini. "Uko wapi sasa hivi?" Nikamwambia niko kazini, kwani vipi? Nikasikia maji yakidondoka. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Njoo nikufundishe." Akafa wiki ile ile. Daktari alisema presha, nami nikaamini presha.

Mama yangu jamani. Na mimi nilimjibu kwa mkato siku ile, kwa kuwa bosi alikuwa akinitazama.

Babu alipoacha kumsubiri mfagizi alikuwa akisema jambo lile tumelibeba kutoka kwetu, ndani ya masanduku. Lakini Walter alilijua kabla yetu, na kwao pia ilikuwa vizazi vitatu. Sijui ni jini, sijui ni nini. Ninalolijua ni moja, kwamba nyumba hii haijawahi kukosa mkosha maiti hata wiki moja.

Leo ni siku ya sita. Feisal nimemwambia atafute mnunuzi wa nyumba hii. Iman sikumwambia kitu. Amekuja kila siku, mwanzo kwa shingo upande, kisha kimya kimya. Jana alilia juu ya mwanamke asiye na jamaa hata mmoja hapa, akaniomba tumkoshe tena mara mbili zaidi ili aende vizuri. Mikono yake ni myepesi. Nimeona fahari, na nimeichukia fahari hiyo.

Jioni hii tulikuwa tukimkosha mwingine, mimi nasugua, yeye anamimina. Nikaona bora niseme sasa.

"Iman. Siku nikifa, utanikosha wewe. Kisha ufunge mlango huu, urudi kwenye meno yako. Usikanyage tena hapa. Umenisikia?"

Nilisubiri Kiingereza. Nilikisubiri kwa moyo wote.

Akaweka jagi chini.

"Na hawa watakoshwa na nani, mama?"

Kwa Kiswahili. Kizima, bila kigugumizi. Na ndiyo maneno yale yale niliyomjibu mama siku yangu ya sita ya kufundishwa.

Nikamrukia mkono. Nikaushika ule mkono wa koti la kijivu kwa vidole vyote, yeye ananitumbulia macho. Ulikuwa umerowa chapachapa hadi kwenye kiwiko, na chini yake mshipa unapiga. Mwanangu mwenyewe. Nikamwachia, nikakaa chini penye maji, nikalia kwa sauti, na yeye akachuchumaa karibu yangu akinipangusa uso, ananiuliza kwa Kiswahili, pole pole, kama mgongo unaniuma.