Maharage ya Mama Kanyana na Pazia la Samaki

"Umeyamwagia maji ya moto. Sema ukweli, Mama Patricia. Umeyamwagia maji ya moto."

"Mie? Bon, mama, chai yenyewe sijakunywa, maji ya moto nitatoa wapi?"

Goreth alisimama upande wake wa uzio, bado amevaa kofia ya kulalia. Jirani yake Cibalonza, Mkongo ambaye wote humwita Mama Patricia, alikuwa upande wa pili, mkono kiunoni. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa nne, kusini mwa Louisville. Mapazia ya nyumba za jirani yalishaanza kutikisika. Watu wa mtaa ule hawapendi kupitwa na jambo.

Jana yake tu Goreth alikuwa na furaha mpaka anaimba. Maharage ya mama yake yalikuwa yameota.

Mama yake, marehemu Kanyana, alikuwa Mrundi aliyelima maharage kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Alipoletwa huku ughaibuni, mjini Columbus, aliendelea kulima nyuma ya nyumba za kupanga karibu na Morse Road. Alipofariki mwaka jana, watoto wake watatu waligawana mbegu alizoacha. Goreth alipata kopo moja. Kaka yake Anicet, wa Columbus, alipata kopo moja. Mdogo wao Nadine, wa Buffalo, naye kopo moja. Ni maharage yenye madoa mekundu. Dukani huyapati.

Goreth alipanda kopo zima. Hakubakiza hata punje. Abakize ya nini? Kwao, jua likiwaka na mvua ikinyesha, unapanda. Na mwanzoni mwa mwezi ule jua liliwaka kweli. Watu walitoka nje na kandambili.

Sasa majani yalikuwa meusi, laini, yamelala chini kama mboga iliyotolewa kwenye sufuria.

"Haya, na yako je?" Goreth alinyoosha kidole. Maharage ya Mama Patricia yalikuwa kwenye ndoo, mabichi, yamesimama kama askari. "Kwa nini yako hayakuungua?"

"Donc, sababu yangu ni mazima, mie njo mchawi?"

"Sikusema mchawi. Nimesema maji ya moto."

"Weye Mama Samsoni, nani alikupa jembe? Siku ya ubatizo wa Samsoni, nani alikaanga sambusa mia mbili?"

"Sambusa usizilete hapa."

Hapo gari likasimama. Alikuwa Papa Zihindula, mzee wa nyumba ya tatu, anarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani. Huyu amelima bustani Louisville miaka tisa. Akishika bamia, inazaa. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, kisha akaomba ruhusa ya kuingia. Akainama, akashika jani moja, akalinusa.

"Mama Samsoni," alisema, "njoo kwanza tuangalie gari lako."

"Gari limeingiaje kwenye maharage?"

"Njoo tu."

Gari la Goreth lilikuwa kivulini, jua halijalifikia. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe.

"Gusa," alisema Papa Zihindula.

Goreth akagusa. Kilikuwa baridi na kinakwaruza, kama sukari iliyomwagika.

"Huyo ndiye mwizi wako. Usiku mbingu ilikuwa safi, upepo hakuna. Baridi ikashuka, umande ukaganda. Maji yaliyo ndani ya jani nayo yakaganda, yakalipasua. Jua likitoka, jani linalegea na kuwa jeusi. Ukiliona utasema limechemshwa."

"Lakini wiki iliyopita tulikuwa na joto."

"Joto la hapa mwezi wa nne ni la mkopo. Unapewa leo, kesho unanyang'anywa. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza nyanya zote. Nikamsingizia mbwa wa mtu."

Goreth aliinua kidevu. "Na ya huyu? Baridi ilimruka yeye?"

Mama Patricia alikohoa.

"Mie sikujua mambo ya barafu," alisema. "Ni ule paka wa pale kwenye kona. Kila usiku anakuja kuchimba ndoo zangu na kuacha uchafu wake. Jana nikafunika na lile pazia la bafuni, lile la picha za samaki. Mie nilikuwa napiganisha paka."

Papa Zihindula alicheka mpaka akashika uzio. Goreth hakucheka. Aliona aibu, akajifanya anang'oa magugu.

Mzee alitembea hadi kwenye ukuta wa nyumba. "Njoo uone. Huu mstari wa mwisho ni mzima. Matofali hushika joto la mchana na kulitoa usiku taratibu."

Goreth alipiga magoti na kuhesabu. Miche kumi na tano. Katika kopo zima la mama yake, kumi na tano.

"Leo hii hii usiku ni hatari tena," alisema Papa Zihindula, akimwonyesha simu. "Umeona? Thelathini na tatu, na kwa kipimo cha huku maji huganda kwenye thelathini na mbili. Ukiona namba imeshuka chini ya thelathini na sita, funika. Tumia shuka au blanketi, lifike mpaka chini, ukandamize pembeni kwa matofali. Nailoni isiguse majani, iweke juu ya vijiti. Funika kabla jua halijazama, ili joto la udongo lisikimbie. Asubuhi jua likipanda, funua, mimea ipumue."

"Kabla jua halijazama niko ghalani napanga maboksi. Mume wangu yuko zamu hiyo hiyo. Samsoni analala kwa shangazi yake. Wewe je, mzee?"

"Mimi saa kumi na moja nishaondoka. Ukifunika mchana na jua hili, utayapika." Aliangalia uzio. "Jirani unaye."

Mama Patricia alikuwa anafuta ndoo ambayo haikuwa chafu. Goreth aliona haya kumwomba, akaingia ndani.

Ndani alimpigia Nadine haraka. "Umeshapanda?"

"Nipande wapi, dada? Huku Buffalo theluji iko mlangoni."

"Afadhali. Subiri mpaka mwisho wa mwezi wa tano."

Akampigia Anicet. Anicet alikuwa ameloweka mbegu zake apande jioni ile ile. "Zitoe kwenye maji, panda kwenye ndoo, uziweke ndani dirishani," Goreth alimwambia. "Columbus zikae ndani mpaka katikati ya mwezi wa tano."

Jioni ile ghalani, Goreth alipanga maboksi bila kuyaona. Wakati wa mapumziko aliona kupitia mlango mkubwa jua likishuka, jekundu. Alitafuta jina la Mama Patricia kwenye simu. Akaliangalia. Atamwambia nini jirani ambaye yeye mwenyewe alimsingizia asubuhi mbele ya mtaa? Akairudisha simu mfukoni.

Alirudi usiku wa manane, wakati wa kufunika umeshapita, akaogopa hata kwenda kuangalia. Asubuhi alitoka nje mbio, viatu mkononi. Vioo vya magari vilikuwa vyeupe tena. Akazunguka nyumba.

Kando ya ukuta palikuwa na samaki. Samaki wa bluu, wengi, wametandazwa juu ya vijiti kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Juu ya pazia kulikuwa na kitenge, kile cha Mama Patricia cha kuimbia kwaya, kimebanwa kwa matofali pembeni. Goreth aliinua pindo polepole. Miche yote kumi na tano ilikuwa ya kijani.

Akageuka kutazama ng'ambo ya uzio. Hapakuwa na ndoo hata moja.

"Mama Patricia, maharage yako yako wapi?"

Mlango ulifunguliwa. "Jikoni. Yote. Juu ya meza, chini ya meza. Jana tumekula tumesimama."

Goreth alikaribia uzio. "Nisamehe, dada yangu. Nilikusema vibaya, na hukustahili."

"Bon. Ya maji ya moto tutaongea siku ingine. Leo nirudishie kitenge, Jumapili ninaimba."

Tangu siku ile, wakifuata shauri la Papa Zihindula, walipanda mapema mboga zinazovumilia baridi: vitunguu, kabichi, sukuma wiki. Maharage, nyanya na mchicha wa lengalenga walivisubirisha. "Wenyeji wa Louisville hupanda mashindano ya farasi yakishapita, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano," mzee aliwaambia. "Na hata hapo, angalia simu kwanza." Farasi wakapita. Simu ikasema salama. Pande mbili za uzio zikajaa majembe na kelele siku moja.

Mwezi wa nane miche kumi na tano ilikuwa imezaa mpaka vijiti vimeinama. Maganda yaliyokauka vizuri Goreth aliyachambua kwanza, akaweka mbegu nono kwenye makopo. Safari hii yalikuwa manne: la Anicet, la Nadine, lake mwenyewe, na moja zaidi. Yaliyobaki akayatia sufuriani na mafuta ya mawese.

Akatoka na lile kopo la nne, akalipitisha juu ya uzio. Mama Patricia alilitikisa sikioni, akasikiliza.

"Ni ya Mama Kanyana haya?"

"Ni yenu pia sasa. Na mbona umesimama hapo? Zunguka, uingie, mwite na Patricia. Sufuria imeiva, na leo tunakula tumekaa."