Mama Mabuti na Kisima cha Babu

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na mbili Machi. Mawingu yalikuwa mazito tangu alfajiri, lakini mvua ilikuwa bado haijaanza. Kwa dobi, asubuhi ya namna hiyo ni mtihani. Ukianika, mvua itakukuta. Usipoanika, shuka za watu zitanuka.

Mama Kipusa alitazama juu. "Ee Mungu, nipe saa tatu tu za jua," alisema, kisha akaanza kuanika.

Ua wao ulikuwa mrefu na ulikuwa na mteremko. Juu kulikuwa na nyumba na choo cha shimo. Katikati kulikuwa na kisima. Chini kabisa, mahali penye jua la kutwa, kulikuwa na kamba za kuanikia nguo. Kisima kilichimbwa na marehemu baba wa mume wake. Watu wote wa mtaa walichota hapo, na kila mtu alikiita kisima cha Babu.

Saa mbili mwanamke mmoja alibisha hodi. Alivaa mabuti ya mpira yaliyofika magotini. Alikuwa afisa mazingira. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka kupima maji ya visima, mito na mitaro. Watoto walimpa jina la Mama Mabuti, naye aliliitikia.

"Shikamoo, Mama," alimwamkia Bibi, mama mkwe wa Mama Kipusa, aliyekaa mlangoni akichambua mchele.

"Marahaba. Mvua haijanyesha, wewe umeshavaa mabuti?"

"Navaa hata kanisani, Mama. Nimekuja kuchukua maji kidogo ya kisima nikayapime."

Bibi alicheka. "Yapime tu. Mume wangu alichimba kisima hiki kwa mikono yake. Maji yake matamu kuliko soda."

"Utamu nauamini. Ila kuna vitu ulimi hauvioni."

Mama Mabuti alijaza chupa ndogo, akaifunga vizuri. Kisha alitembea kutoka kisimani mpaka chooni, huku akihesabu hatua kwa sauti. Zilikuwa kumi na moja. Aliandika kitu katika daftari lake, akaaga.

*

Baada ya wiki mbili barua ililetwa. Mama Kipusa aliipokea, akaigeuza juu chini. Hakujua kusoma. Alimsubiri mume wake, fundi baiskeli, arudi kula.

Fundi alifungua barua. Alisoma kimya. Alimtazama mama yake, akaitazama tena karatasi.

"Wanasemaje?" Bibi aliuliza.

"Wanasema... wanasema maji ni mazuri."

"Si niliwaambia!" Bibi alipiga makofi. Jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari.

Tangu siku hiyo Fundi aliacha kunywa maji ya mtungini. Alikunywa chai tu, asubuhi, mchana na jioni. Bibi alimtania, "Mwanangu, siku hizi umeoa birika?" Fundi alicheka kidogo, akainamisha kichwa.

Mvua za masika zilikuja. Kipusa, binti yao wa miaka minne, alianza kuharisha. Siku ya pili macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Mama yake alimbeba, akakimbia naye zahanati. Njia nzima alisali. Hakuwa na maneno mengi. Alisema tu, "Mungu, usimchukue. Mungu, usimchukue."

Muuguzi alichanganya paketi ya dawa ya kurudisha maji mwilini katika lita moja ya maji safi. "Mpe kijiko kimoja kimoja, usichoke. Akitapika, ngoja kidogo, kisha uendelee. Nyumbani mnachemsha maji ya kunywa?"

"Maji yetu yamepimwa. Ni mazuri."

Muuguzi alikunja uso. "Huyu ni mtoto wa sita wiki hii kutoka mtaa wenu," alisema.

Kipusa alipona. Lakini mwezi uliofuata aliugua tena.

*

Mama Kipusa alikuwa ameanza masomo ya jioni. Mwanzoni alificha daftari ndani ya beseni la nguo, maana aliona haya. Wenzake darasani walikuwa mpishi, mlinzi na mama mmoja mwenye wajukuu tisa. Taratibu herufi zilianza kumzoea. Akawa anasoma kila kitu: paketi za sabuni, mabango, hata lebo za shuka za nyumba ya wageni alizofua.

"Pa-mba. Pamba tupu!" alimwambia Bibi.

"Miaka yote umezifua bila kujua jina lake, na hazikulalamika," Bibi alijibu.

Alasiri moja alitafuta koleo katika sanduku la spana la mume wake. Chini kabisa, chini ya minyororo mibovu, aliikuta barua. Aliutambua mhuri wake. Alikaa chini akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari.

"Ma-ji ha-ya ya-si-nywe-we..."

Aliacha kusoma. Akaanza tena kutoka mwanzo, kwa kuwa alidhani amekosea.

Fundi aliporudi, alimkuta ameishika karatasi mkononi.

"Baba Kipusa, hapa pameandikwa nini?"

Fundi aliketi juu ya ndoo.

"Ulijua," Mama Kipusa alisema. "Ulikuwa unakunywa chai. Mtoto akawa anakunywa mtungini."

"Nilidhani ni mambo ya ofisini tu, wanatia watu hofu. Kisha alipougua, nikashindwa kusema. Ningemwambiaje mama? Kisima ni cha baba. Hicho ndicho tulichobaki nacho cha baba."

"Na mimi nimebaki na Kipusa mmoja."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo. Fundi alifunika uso kwa mikono yenye grisi.

"Nipe siku chache. Nitamwambia mama mwenyewe."

Kuanzia jioni ile Mama Kipusa alichemsha maji yote ya kunywa. Lakini siku mbili zilipita, tatu zikapita, na Fundi hakusema. Majirani waliendelea kuchota.

*

Wakati huo Mama Mabuti alikuwa ameacha kazi ya kupima maji. Aligombea udiwani wa kata. Wengi walimcheka. "Mpima matope anataka kiti!" walisema. Mpinzani wake alikuwa mwenye malori, na alikuwa ameahidi kumwaga kifusi barabara nzima.

Siku ya mkutano katika mtaa wao, mpiga debe wa Mama Mabuti alimvuta pembeni, karibu na Mama Kipusa aliyekuwa amesimama na watu.

"Hapa usiguse habari ya kisima," alimwambia. "Wanakipenda kama mtoto. Zungumzia barabara. Ukishinda, utawaambia."

"Na watakaougua kabla sijashinda?"

"Mama, siasa ina wakati wake."

Mama Mabuti aligeuka, akamwacha hapo. Alipanda juu ya kreti, na mabuti yake miguuni.

"Nimepima maji ya kata hii miaka kumi na tisa," alisema. "Nimeandika barua zaidi ya mia mbili. Nyingine zinalala makabatini. Nyingine sijui zilifika wapi. Kupima nimepima. Sasa nataka kukaa pale panapoamuliwa."

Kinyozi wa mtaa aliinua mkono. "Sisi kisima chetu ulikipima. Maji yetu yakoje?"

Mpiga debe alikohoa kwa nguvu. Mama Mabuti akasema, "Si salama. Niliwaandikia."

Kelele zililipuka.

"Mwongo! Fundi alitusomea, maji mazuri!"

"Anataka kutufungia kisima atuuzie ya bomba!"

"Shuka hapo na mabuti yako!"

Mama Kipusa alimtafuta mume wake kwa macho. Fundi alikuwa anatazama viatu vyake. Mke wake alimngoja. Alihesabu moyoni mpaka kumi. Kisha aliitoa barua kwenye pindo la kanga, akapita katikati ya watu.

"Ngojeni. Nitawasomea mimi."

"Tangu lini dobi akasoma?" mtu mmoja alisema, na watu wakacheka.

"Tangu mwezi wa tano," alijibu. "Nasoma polepole. Mnisubiri."

Akaanza. "Maji haya... yasinywewe... bila kuchemshwa. Yamekutwa na vi... vi..."

Neno lilimkwama. Alilijaribu mara tatu. Watu walianza kunong'ona. Ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Vimelea."

Alikuwa Fundi. Alisogea mbele, akasimama karibu na mke wake. Hakuichukua karatasi. Waliishika wote wawili.

"Vimelea vya kinyesi," alisoma. "Choo kiko hatua kumi na moja kutoka kisimani, tena upande wa juu. Kihamishwe." Akainua uso. "Niliwadanganya. Barua niliificha. Niliona aibu kwa ajili ya baba."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alivua kofia. Kila mtu alimtazama Bibi, aliyekuwa ameketi mbele.

Bibi alinyanyuka kwa shida.

"Mume wangu alipochimba kisima," alisema, "choo kilikuwa kule juu kabisa, hatua hamsini. Hicho kikajaa. Tukachimba cha pili, chini yake. Kikajaa. Tukachimba cha tatu, chini yake tena, kwa sababu kule mwisho kuna kamba za nguo. Kila shimo tulisogea. Yeye alichimba kisima. Vyoo tulichimba sisi." Alimgeukia mwanawe. "Baba yako hana aibu yoyote hapa, mwanangu. Ungeniambia tu."

Mama Mabuti alishuka kwenye kreti. "Dobi, nikuulize wewe. Ukidondosha bluu ya kufulia kwenye pembe ya shuka iliyolowa, inakaa palepale?"

"Hapana. Inaenea mpaka mbali."

"Ardhi ikilowa ni hivyohivyo. Uchafu wa shimo unatembea na maji, unateremka taratibu. Huuoni, hauna rangi. Mvua ikiwa nyingi, unatembea zaidi. Kwa hiyo choo kiwe hatua arobaini au zaidi kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini. Na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Yakitokota, hesabu mpaka sitini. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Na baada ya chooni, sabuni."

"Sabuni kwetu haikosekani," Bibi alisema. "Ila yote inakwenda kwenye shuka za watu!"

Hapo watu walicheka, na hasira ikapungua.

*

Siku ya kura ilifika. Katika kituo cha mtaa ule Mama Mabuti alishindwa. Wengi walikuwa bado wana uchungu. Lakini alishinda katika kata nzima, kwa kura kumi na saba tu. Mpiga debe wake alimwambia, "Uliponea chupuchupu." Yeye alimjibu, "Nimeponea, sasa tufanye kazi." Wiki ya kwanza ya udiwani wake alikwenda kwanza kwenye mtaa uliomnyima kura.

Watu wa mtaa walifanya kazi Jumamosi tatu. Mashimo ya zamani yalifukiwa. Choo kipya kilichimbwa kule chini kabisa, hatua arobaini na sita kutoka kisimani. Kamba za nguo zilihamia juu karibu na nyumba. Mama Kipusa alihofia kukosa jua, kwa hiyo Fundi aliunganisha mabomba ya baiskeli mbovu, akapata nguzo ndefu kupita paa. Shuka zilipepea juu kama bendera. Kisima kiliwekewa klorini, mfuniko, na ndoo moja tu ya kuchotea.

Diwani alipeleka pia hoja katika baraza la madiwani. Alitaka matokeo ya kila kisima yasomwe kwa sauti mahali pale pale kisimani, mbele ya wachotaji. Walibishana miezi miwili. Mwishowe hoja ilipita.

Siku ya kusoma kwa mara ya kwanza, mwaka uliofuata, baada ya masika, anga lilikuwa jeupe na jua lilikuwa kali. Watu walizunguka kisima. Kipusa alikuwa amekua. Hakuwa ameharisha tangu maji yaanze kuchemshwa. Muuguzi wa zahanati alisema kwamba masika ile alipokea mtoto mmoja tu kutoka mtaa ule.

Diwani alimpa Fundi bahasha. "Mtaa umekuchagua wewe usome."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Kwa sababu ya yale," kinyozi alisema. "Wewe sasa tunakujua."

Fundi alifungua bahasha. Alisoma kimya, kisha akamtazama mama yake. Watu walingoja. Wengi walitamani kusikia neno moja tu.

"Vimelea vimepungua sana," alisoma. "Lakini bado vipo. Maji yaendelee kuchemshwa. Kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu."

Watu waliguna. Bibi aliuma mdomo. Kisha akatikisa kichwa kukubali. "Haya. Tuchemshe."

Mama Kipusa alisogea, akatazama karatasi, akafuata mstari kwa kidole. "Ndivyo ilivyoandikwa," alisema. "Hakuruka neno."

Fundi aliikunja barua, akampa mke wake aitunze. Kisha aliweka mkono juu ya mfuniko wa kisima, mbele ya mama yake, mbele ya diwani, mbele ya mtaa mzima.

"Mungu ananisikia, na ninyi mnanisikia," alisema. "Naahidi kwamba kila karatasi itakayoletwa hapa nitaisoma yote, kama ilivyo, iwe nzuri au mbaya. Na siku nitakayoruka hata neno moja, mke wangu atasoma badala yangu."