Tundu la Chini ya Kabati

Kila asubuhi, kabla Kobe hajaondoka kambini, kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama alizunguka akiyapiga magurudumu mateke, mazoea ya tangu alipokuwa dereva wa basi la shule. Baba alikunja vitanda na kuifunga mito kwa mikanda. Profesa, kaka mkubwa, alikunja ngazi ya mlangoni. Kibonge, kitinda mimba wa miaka minne, alitafuta kiatu chake cha kushoto, maana kila siku kilipotea. Msumari naye alifunga makabati yote kwa komeo. Katika nyumba inayotembea, kikombe kisichofungiwa ni kikombe kilichokwisha kuvunjika.

Kobe alikuwa basi dogo la shule lililostaafu. Kampuni ilipotaka kumuuza kama chuma chakavu, Mama alimchukua mwenyewe, akasema hamwachi mwenzake aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo. Baba, ambaye ni fundi wa makochi, aling'oa viti, akatengeneza vitanda, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi. Likizo ilifika kabla kazi haijaisha. Majirani wakacheka. "Mtalala ndani ya basi kama mizigo?"

"Mmewahi kumwona kobe akiomba chumba kwa mtu?" Mama aliwajibu, akawasha injini.

Basi wakaondoka hivyohivyo, na kazi iliyobaki waliifanya njiani, kila walipopiga kambi. Profesa alipewa kupaka rangi nyeusi ya kuzuia kutu chini ya gari. Msumari, binti wa miaka kumi na miwili, aliomba kabati la jikoni, lile la karibu na mlango lililobeba jiko juu na mtungi wa gesi ndani.

"Kabati? Huyu?" Profesa aliangua kicheko. "Kazi yake itabomolewa kabla hatujafika kambi ya tatu. Mtaniambia!"

"Kabati ni langu," Msumari alisema, mikono kiunoni. "Mtu asinisaidie, mtu asiniguse."

Jina la Msumari alipewa na Baba mwenyewe. Msumari ukiugonga hauondoki, unazidi kuzama palepale. Ndivyo alivyokuwa. Baba alitabasamu, akamkabidhi msasa, brashi na bisibisi. "Haya, fundi. Neno moja tu. Ukikuta kitu usichokielewa, uliza kwanza."

"Atauliza mpaka jina la nyundo," Profesa akadakia.

Hapo ndipo Msumari alipoapa moyoni kwamba hatauliza kitu. Hata kama angekuta mamba ndani ya kabati, asingeuliza.

Akaanza kazi. Alisugua milango kwa msasa mpaka vidole vikawaka moto. Alipaka rangi ya kwanza, akasubiri ikauke, akapaka ya pili, ya kijani kibichi. Mtoto yule alikuwa fundi kweli, tusimnyime sifa zake. Hakuna tone lililochuruzika, hakuna unywele wa brashi uliobaki kwenye rangi.

Kisha akautoa mtungi ili aitengeneze sakafu ya kabati, na pale chini akaona tundu. Lilikuwa pana kama kiganja, limekatwa moja kwa moja hadi nje, na kupitia hapo aliona nyasi za kambini. Msumari alilitazama kwa hasira. Kumbe vumbi lilikuwa linaingilia hapa! Kila walipopita barabara ya udongo, vikombe, sahani na hata mashuka yalijaa vumbi, na Mama alilalamika kila jioni.

Baba alikuwa hatua chache tu, akishona foronya. Swali lilimfika Msumari kwenye ncha ya ulimi: Baba, tundu hili ni la nini? Lakini Profesa naye alikuwa chini ya gari, masikio wazi. Msumari akalimeza swali lake.

Alikata kipande cha ubao, akakipaka gundi, akakikaza kwa skrubu nne, kisha akatandika juu yake kapeti la plastiki lililobaki Baba alipotengeneza sakafu. Akarudisha mtungi mahali pake. Ungeapa kwamba pale hapakuwahi kuwa na tundu.

Kesho yake walisafiri mchana kutwa kwenye barabara mbaya, Kobe akirukaruka mashimoni. Walipopumzika njiani, Mama alifungua kabati, akapitisha kidole kwenye sahani.

"Jamani, leo hakuna vumbi! Msumari, umefanya nini?"

"Nimefanya kazi," Msumari alijibu.

"Milango sasa inafunga vizuri, ndiyo maana," alisema Baba. "Fundi ni fundi."

Msumari akamtazama kaka yake, na kichwa kikamvimba mpaka kofia ikamkaza. Profesa alijitia hamnazo, akatazama nje ya dirisha.

Walifika kambi ya tatu jua likiwa bado juu. Ilikuwa kambi nzuri, yenye bomba la maji, kivuli, na mahema mawili ya wasafiri wengine. Mama alinyoosha mgongo. "Likizo yangu ya kwanza tangu Kibonge azaliwe," alisema. "Hapa napumzika. Na ziwa liko mbele tu, kesho kutwa tunaogelea." Baba aliingia ndani kuinjika chai. Alishika njiti ya kiberiti.

Wakati huohuo Kibonge alikuwa anatambaa sakafuni akitafuta kiatu chake. Aliingiza kichwa karibu na kabati la kijani, akakunja pua.

"Mama, hapa chini kunanuka. Kama mayai viza."

Mama aliruka kutoka mlangoni. "Usiwashe!" alipaza sauti. "Weka hicho kiberiti! Wote nje! Profesa, usiguse swichi ya taa, toka!" Alimnyakua Kibonge akiwa na kiatu kimoja. Baba aliziba pua, akafunga koki ya mtungi, akaunyanyua mzimamzima hadi nje, mbali kabisa na gari. Kisha wakafungua milango na madirisha yote ya Kobe, wakasimama mbali. Msimamizi wa kambi alikuja haraka na kuwaamuru watu wa mahema wazime majiko yao.

Hakuna aliyeumia. Lakini uso wa Mama ulikuwa umebadilika.

"Mpira wa gesi umelegea, naona," Baba alisema, akiukagua mtungi. "Ni mitikisiko ya barabarani. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba gesi hii ni nzito, huwa inashuka chini. Ndiyo maana nilikata tundu kwenye sakafu ya kabati, ikivuja iteremke nje. Kwa nini leo imejaa ndani?"

Maneno hayo yalimwingia Msumari kama maji ya baridi mgongoni. Akatazama miguu yake.

"Tundu limezibwa," Mama alisema. Akamgeukia Profesa. "Nani alikuwa chini ya gari na ndoo ya rangi nyeusi?"

"Mimi, lakini Mama, si mimi! Nililipita pembeni lile tundu, wallahi!"

"Kila siku si wewe. Sahani ikivunjika si wewe, mlango ukiachwa wazi si wewe."

"Lakini safari hii kweli si mimi!"

Msimamizi alikohoa. "Mnisamehe, ndugu zangu. Gari lenye hitilafu isiyojulikana siwezi kuliruhusu lilale hapa. Kuna watoto kwenye mahema yale."

"Una haki," Mama alisema taratibu. "Nami siwezi kuwalaza wanangu humo bila kujua kilichotokea. Safari imeishia hapa. Tunageuza."

Profesa aliinamisha kichwa, akawa anaisugua rangi nyeusi iliyoganda kwenye kucha zake. Msumari akamwona. Sauti moja ikamnong'oneza: Nyamaza. Si alikucheka? Mwache na yeye achekwe. Ingekuwa rahisi. Ubao ulikuwa chini ya kapeti, na lawama zilikuwa zimeshapata mwenyewe. Lakini Msumari alipojaribu kuifurahia nafasi ile, ilimkera. Kumwacha Profesa abebe kosa lake kulikuwa sawa na kumwacha ashike bisibisi yake. Kosa lile lilikuwa lake, kama kabati lilivyokuwa lake.

Akapiga moyo konde, akainua kidevu.

"Mwacheni Profesa. Nimeziba mimi."

Wote wakamgeukia.

"Nimeziba mimi kwa ubao, gundi na skrubu nne, nikatandika kapeti juu. Ndiyo maana hamkuona vumbi. Wala milango haikuhusika."

"Kwa nini hukuuliza?" Baba alisema, na sauti yake ilimuuma kuliko kofi.

"Kwa sababu huyu angecheka!" Machozi yalimlengalenga Msumari, lakini aliyakatalia yasidondoke. "Nilitaka kuonyesha kwamba ninaweza. Na ninaweza! Lakini hili nimelikosea. Nimeziba mimi, nitazibua mimi. Mtu asiguse."

Baba alitaka kusema kitu, Mama akamgusa bega anyamaze. Walisubiri mpaka upepo ukapita ndani ya Kobe vya kutosha na harufu ikaisha kabisa. Ndipo Baba alipoingia kwanza kuhakikisha, kisha akampisha binti yake.

Kazi aliyoifanya Msumari ilikuwa nzuri mno, na sasa uzuri huo ulimgeukia. Kapeti liling'ang'ania. Skrubu alizikaza kwa nguvu zake zote, hivyo akazifungua kwa nguvu zake zote. Gundi haikutaka kuachia. Jasho lilimtiririka, rangi ya kijani ikachubuka, na kila alipochubua alihisi anajichubua mwenyewe.

Profesa alichuchumaa mlangoni. "Nikusaidie?"

"Hapana."

Msumari akachokonoa tena. Ubao ukacheza kidogo tu.

"Shika upande ule," Msumari alisema bila kumtazama. "Shika tu. Usivute."

Ubao ulichomoka kwa kishindo, na mwanga wa nje ukaingia.

"Samahani kwa kukucheka," Profesa alisema.

"Samahani kwa kukunyamazia," Msumari alisema. "Hata kama ilikuwa kidogo tu."

Baba alibadilisha kibano cha mpira wa gesi. Kisha, mtungi ukiwa hukohuko nje, aliufungua kidogo, akaupaka mpira povu la sabuni mbele ya msimamizi na watoto. "Mkiona mapovu yanavimba, gesi inatoka hapo," aliwaeleza. "Hatutafuti uvujaji kwa kiberiti hata siku moja." Povu lilitulia. Lakini swali la vumbi lilibaki, na Msumari hakuwa mtu wa kuacha swali njiani. Safari hii alilitoa mdomoni.

"Baba, tunawezaje kuzuia vumbi bila kuzuia gesi?"

"Sijui," Baba alikiri. "Mimi ni wa makochi."

"Vumbi linarushwa na gurudumu la mbele," alisema Profesa. "Nililiona nikiwa chini kule. Tukining'iniza kipande cha mpira wa tairi mbele ya tundu, litapigwa pembeni, na tundu litabaki wazi."

Msumari alifikiri, akitafuta kasoro. Hakuiona. "Wazo lako si baya," alisema. "Ila usizoee kusifiwa."

Msimamizi aliwapa kipande cha tairi kuukuu kilichokuwa nyuma ya ofisi yake. Profesa alikikaza chini ya gari, naye Msumari akapigilia wavu wa waya juu ya tundu ili panya wasiingie. Msimamizi alilala chini akakagua mwenyewe, akaingiza vidole tunduni mpaka kwenye wavu, akainuka akijipangusa. "Laleni," alisema. "Na chai msiisahau."

Kesho yake Mama hakugeuza; Kobe alikuwa barabarani kuelekea ziwani. Msumari alikaa kiti cha mbele, karibu na Mama.

"Bado umenikasirikia?" aliuliza.

"Jana nilikasirika sana, kwa sababu niliogopa sana," Mama alisema, macho barabarani. "Sikiliza, mwanangu. Watu watakuambia uache ukaidi. Mimi sikuambii hivyo, maana na mimi ningeusikiliza mtaa, leo Kobe angekuwa chuma chakavu. Lakini ukaidi wako ni kama ile gesi. Ukipita kwenye mpira wake, unatupikia chakula. Ukijificha chini ya kabati, unatuua sote. Kataa kudharauliwa, sawa. Ila usikatae kuuliza, na usikatae kusema kweli. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na jana ulipoinua kidevu ukasema ni wewe, huo ndio ukaidi ninaoutaka nyumbani kwangu."

Walipopumzika, Msumari alipitisha kidole kwenye sahani. Vumbi lilikuwepo, kidogo, la kufuta kwa kitambaa. Akachukua brashi na rangi ya kijani iliyobaki, akafunika michubuko ya kabati. Kisha ndani ya mlango, juu kidogo ya lile tundu, akaandika kwa herufi kubwa: TUNDU HILI LISIZIBWE. ULIZA KWANZA.

Profesa alisoma kutoka nyuma yake. "Uliza nani?"

Msumari aliichovya brashi tena, akaongeza neno moja chini yake: MIMI.