Bua la Tumbaku Mlangoni

Esperansi alikutwa amekaa. Msichana wa miaka ishirini na tatu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mbele ya cherehani, shavu limelala juu ya vazi la mpagazi na sindano bado imezama kwenye pindo. Miguuni mwake palikuwa na matapishi. Pembeni lilikuwepo kontena la plastiki lenye wali uliobaki.

Inspekta Zamda alisimama akamtazama kwa muda. Aliwahi kuona maiti wengi, lakini wengi walikuwa wamejinyoosha. Huyu alionekana kama mtu aliyeambiwa apumzike kidogo kisha amalizie kazi, na hilo lilimuudhi inspekta kuliko damu.

Chumba kile kilikuwa stoo ya maleba, yaani mavazi na vifaa vya michezo, nyuma ya jukwaa la ukumbi wa maonyesho wa Chuo Kikuu cha Unyanyembe. Ngozi za mbuzi, mikuki ya mbao, mizigo ya bandia, na ngoma kumi na mbili zilizowambwa upya. Vyote vilikuwa vya mchezo wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakapita Tabora, wakaelekea pwani. Wageni wa wizara walikuwa wanakuja kuutazama Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Nani alimkuta?"

"Mimi." Mwalimu Kasimiri, mkuu wa idara, alikuwa na sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma. "Saa moja asubuhi nilifungua mlango, nikamwona, nikapiga kelele."

"Humu kunanuka nini?"

"Kitunguu saumu. Ni chakula hicho, Inspekta. Uliza yeyote hapa, atakuambia kinatoka kwa nani."

Harufu ilikuwepo kweli, hafifu. Konstebo Revocatus alikuwa anakohoa kwenye kona. Zamda mwenyewe alihisi kichwa kinaanza kugonga, akasingizia kwamba hajanywa chai.

*

Hakuhitaji kuuliza. Adhuhuri kijana alijileta kituoni, macho mekundu.

"Shikamoo, afande. Naitwa Abbasi, fundi simu wa Mtendeni. Esperansi alikuwa mchumba wangu."

"Marahaba. Pole sana, baba. Kaa."

Hakukaa. Aliweka simu mezani, akabonyeza. Sauti ya marehemu ilijaza ofisi, imetumwa jana yake saa kumi na nusu jioni.

"Abbasi, tangu nile tumbo linanisokota, na kichwa hiki jamani. Nimetoka nje mara mbili kupunga hewa, mwalimu ananirudisha ndani nimalizie mapindo. Nikimaliza nakuja."

"Alikula chakula cha nani?"

"Cha mama yangu." Abbasi alimeza mate. "Bi Yasmini, anayepika pale getini. Hakumtaka kabisa. Alisema hawezi kupokea mkwe wa Ulyankulu mwenye msalaba shingoni. Wiki iliyopita alimwambia mbele za watu, 'Mwanangu atakuoa mmoja wetu akiwa kaburini, mimi au wewe.'"

"Unajua unalolisema? Kesi ya mauaji haina dhamana. Huyo ni mama yako."

"Najua ni mama yangu. Lakini Esperansi hana tena mdomo wa kujisemea, afande. Nimsemee nani kama si yeye?"

Jioni ile Bi Yasmini alilala mahabusu. Getini wanafunzi walipindua meza yake na kumwaga masufuria. Mkuu wa Upelelezi akamwita Zamda, akamwambia kwa mkato: jalada liwe kwa mwanasheria wa serikali Jumamosi asubuhi. Tishio lipo, chakula kipo, shahidi ni mwana wa kumzaa mwenyewe. Nini tena?

Zamda alilibeba jalada akatoka. Alikuwa na kichwa kinachouma bado, na chai alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu.

*

"Ulimtishia?" Zamda aliuliza mahabusu.

"Nilimtishia." Bi Yasmini alikaa wima, ushungi umefungwa vizuri, kama mtu aliyekuja kupokea wageni.

"Jana ulimpa chakula?"

"Nilimpa. Wali na mchicha."

"Uliweka nini ndani?"

"Chumvi, nazi na kitunguu maji. Saumu sikuweka. Yule hali saumu, inampa kiungulia. Mboga yake naipika mbali, kisufuria chake."

"Unampikia mbali mtu usiyemtaka?"

Mama alimtazama inspekta kama anavyotazamwa mtoto asiyefundwa. "Kumkataa mkwe si kumnyima chakula, mwanangu. Nimebishana naye ya ndoa. Ya njaa hatukubishana."

"Aliyekushtaki ni Abbasi."

Mikono ya mama ilitulia mapajani. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Amekula leo?"

Zamda alitoka mle ndani akiwa na hasira asiyojua ampelekee nani. Alikwenda chumba cha vielelezo, akavaa glavu, akafungua kontena la wali, akanusa. Alinusa tena. Nazi iliyochacha, mchicha, basi. Saumu haikuwepo hata ya dawa.

Sasa ile harufu ya stooni ilitoka wapi?

Akampigia daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti.

"Sampuli zimekwenda kwa Mkemia Mkuu, majibu si ya leo," daktari alisema. "Ila nikuambie nilichokiona kwa macho. Tumbo halina shida kubwa. Mapafu ndiyo yamejaa maji. Ungeniuliza mimi, huyu binti hakumeza kitu. Alivuta kitu."

"Kinachonuka kama saumu?"

"Inspekta, ondoa watu wako wote kwenye ile stoo. Usirudi bila kinyago, na milango ifunguliwe kwanza."

*

Ijumaa asubuhi walirudi stooni na vinyago vya zimamoto, milango yote wazi tangu alfajiri. Safari hii Zamda hakutazama cherehani. Alitazama chumba.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao na misumari, kwa sababu ya wezi, walisema. Feni ya kutoa hewa ilikuwepo ukutani, imekufa, waya umekatika na buibui amehamia. Wanafunzi walikuwa wakipaka rangi, wakigandisha vitu kwa gundi na kushona humo humo, miaka nenda miaka rudi.

"Afande, njoo uone," Revocatus aliita kutoka nyuma ya ngoma.

Sakafuni palikuwa na mijusi wawili, panya mmoja na mende wasiohesabika. Wote wamekufa.

"Hawa nao walinunua wali kwa Bi Yasmini?" Zamda aliuliza.

Walibeba ngoma moja hadi uwanjani, wakaikata uzi wa ubavuni. Ndani kilining'inia kifuko cha kitambaa, na ndani ya kifuko majivu ya kijivu, laini. Ngoma zote kumi na mbili zilikuwa na vifuko hivyo. Na ngozi zake, zilizowambwa mbichi siku chache tu nyuma, zilikuwa bado na unyevu.

Jambo la mwisho walilipata kwenye shimo la taka nyuma ya ukumbi: bonge la tepu na karatasi zilizoviringishwa pamoja, na katikati yake bua kavu la tumbaku lililofungwa kitambaa chekundu. Zamda alishangaa. Chuoni hapo hapakuwa na shamba hata la bamia.

Revocatus ndiye aliyelitambua. Alizaliwa Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku.

"Afande, kijijini kwetu mtu akitia dawa ya kufukiza ghalani, anaziba mlango kwa karatasi kisha analaza bua mbele yake. Maana yake usiingie, ndani kuna kifo. Mtoto wa miaka minne analijua. Hata mlevi akilikuta, anarudi nyuma."

"Na watu wa Ulyankulu?"

"Nao ni wakulima wa tumbaku. Wanalijua."

Zamda alilishika bua lile kwa ncha za vidole. Basi Esperansi hakulipita bua. Alikuta mlango mtupu.

*

Tobia, mtunza stoo, alikuwa mtu wa makamo kutoka Urambo. Alipoona bua mezani aliketi bila kuambiwa.

"Ni lako?"

"Langu, afande."

"Sema."

"Fukusi walikuwa wanakula ngozi za ngoma. Mwalimu alisema tafuta dawa. Nikamwambia kuna watu wenye leseni ya kufukiza, tuwaite. Akasema wakija wataikagua stoo nzima, nitumie ya nyumbani. Basi nikatia vidonge vya kufukiza ndani ya ngoma, kwenye vifuko, Jumanne jioni, nikaziba, nikaweka bua. Nikamwambia mwalimu: siku saba asiingie mtu. Ngozi mbichi zina maji, na vidonge vikikutana na maji vinatoa hewa ya sumu inayonuka saumu, upesi na nyingi."

"Ulimwambia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Akauliza na bua ni la nini, nikamweleza. Akacheka, akasema sisi watu wa tumbaku tuna mambo."

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Alinituma Nzega kuchukua mbao. Nimerudi Alhamisi saa tatu, nikakuta watu wamejaa."

"Ulijua kilichomuua. Mbona ulinyamaza?"

Tobia alifunika uso. "Mwalimu aliniambia dawa ni yako, kitanzi ni chako. Nina watoto sita, afande. Niliogopa. Kila nikimkumbuka yule mama mahabusu chakula hakishuki, lakini niliogopa."

Mtego wa panya huingia aliyekuwamo na asiyekuwamo, na huyu mtego aliutega kwa mikono yake mwenyewe. Zamda hakumpa pole wala hakumkaripia. Alimwambia aandike maelezo yake na asibakize kitu.

*

Mwalimu Kasimiri alihojiwa mchana huo huo. Alionywa haki zake, akatabasamu, akasema hana la kuficha.

"Kati ya Jumanne na Alhamisi nani alikuwa na ufunguo wa stoo?"

"Mimi na Tobia."

"Tobia alikuwa Nzega."

"Ndiyo."

"Nani alimpangia Esperansi kushona humo Jumatano?"

"Ratiba ya idara."

"Ratiba ina sauti?" Zamda aliweka simu ya Abbasi mezani, akabonyeza. *Nimetoka nje mara mbili kupunga hewa, mwalimu ananirudisha ndani.* Yeye mwenyewe alikuwa ameusikiliza ujumbe ule tangu Alhamisi, akasikia tumbo tu. Alijiona mjinga kwa hilo, na ujinga ule ulimwongezea ukali.

"Alilalamika tumbo," Kasimiri alisema. "Chakula..."

"Chakula hakikuwa na saumu. Mijusi hawakula chakula. Hii ni tepu uliyoibandua mlangoni. Tepu inashika alama za vidole vizuri sana, Mwalimu. Inakwenda maabara leo. Tutamkuta Tobia aliyebandika. Mwingine tutamkuta nani?"

Tabasamu lilibaki usoni dakika nzima baada ya mwenyewe kuondoka ndani yake. Kisha lilianguka.

"Wageni walitakiwa waje Jumatano ijayo," alisema, na sauti sasa haikufika hata ukutani. "Siku saba zingetosha. Jumanne usiku nikapigiwa simu, wanakuja Jumamosi. Mavazi thelathini hayajapindwa, na vyerehani viko mle."

"Ungevitoa nje."

"Wangeuliza kwa nini. Wakaguzi wa usalama walishakuja mara mbili. Walisema ukumbi ufungwe hadi feni na madirisha yatengenezwe. Niliwaandikia kwamba yametengenezwa. Nimeupigania ukumbi huu miaka kumi na moja, Inspekta. Ungefungwa siku moja kabla ya wageni, usingefunguliwa tena. Nilifungua mlango saa nzima Jumatano asubuhi. Nilidhani hewa imetoka. Nilidhani dawa ya fukusi ni ya fukusi."

"Alipotoka mara ya kwanza?"

"Nilidhani anadeka."

"Mara ya pili?"

Kasimiri aligeukia mlango.

"Mara ya pili, Mwalimu."

"Nilimwambia bado mavazi manne."

Revocatus aliacha kuandika. Zamda alimwashiria aendelee.

"Na bua?"

"Niliondoa."

"Karatasi ungeondoa, sawa, mlango usingefunguka. Bua lilikuzuia nini? Ungelisukuma kwa mguu, ukaliacha pale pembeni."

Kasimiri alitazama mikono yake. "Esperansi ni mtoto wa wakulima wa tumbaku. Angeliona, asingeingia. Nililitupa kabla hajafika."

Nje mtu alikuwa anauza karanga.

"Asubuhi ulipofungua mlango, ulijua."

"Nilijua. Nikanusa ile harufu, nikaona wali. Neno saumu likanitoka mdomoni lenyewe. Nilidhani mtapima chakula, mtakikuta safi, mtamwachia yule mama."

"Na binti wa watu tungemwandikia amekufa kwa nini?"

Mwalimu alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Zamda alimwacha alie, akachukua jalada, akaandika: kuua bila kukusudia, kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Akaiweka kalamu chini.

*

Bi Yasmini aliachiwa saa kumi na moja jioni. Alitia sahihi, akahesabu vitu vyake, akamshukuru askari wa zamu kwa maji aliyompa.

Abbasi alikuwa getini. Hakuthubutu kusogea.

"Mama," alisema. "Nisamehe."

"Uliamini?"

Kijana angeweza kudanganya. Zamda, aliyesimama barazani, alitamani adanganye.

"Niliamini, mama."

Bi Yasmini alikaza ushungi wake. Uso wake ulipita mambo mengi kwa haraka, na hakuna lililokuwa jepesi.

"Maneno yale niliyasema kwa mdomo wangu," alisema mwishowe. "Wewe uliyasikia tu. Wazazi wake wameshaambiwa ni nani aliyemuua?"

"Wameambiwa ni wewe."

"Wanazika lini?"

"Kesho, saa sita."

"Basi tafuta usafiri. Nitakwenda Ulyankulu niwape mkono, nikae na wanawake wenzangu jikoni, nipike. Wakinifukuza nitakaa barabarani hadi wamzike." Alianza kutembea, kisha akasimama bila kugeuka. "Na wewe utakaa kwao kama mkwe. Ukiulizwa nani kakuleta, sema mama yangu."