Friji Iliyopitia Ukuta wa Nyuma

Saa kumi na moja jioni lori lilisimama mbele ya nyumba ya Alice, nje kidogo ya Ishiara, na wanaume wanne wakateremsha friji ya biashara, ya milango miwili ya vioo, ndefu kuliko mtu. Mumewe, Mutugi, alikuwa ameinunua katika hoteli moja iliyofungwa huko Maua, akaituma, naye akabaki huko kazini. Alice aliizunguka mara tatu akicheka peke yake. Kwa joto la upande huo wa Mbeere maziwa hayamngoji mtu, na alikuwa amechoka kuyamwaga. Kuanzia kesho angeuza yogati baridi na maji baridi, pale pale nyumbani.

Tatizo likawa mlango. Fundi Oscar, aliyetoka Embu mjini kuja kuifunga, alipima, akapima tena, akatikisa kichwa.

"Hii haiingii, mathe. Na fremu ni ya chuma, imeshikwa na simiti. Lakini huku nyuma ukuta ni ya matofali ya udongo. Tunavunja kidogo, inaingia, kesho asubuhi naziba."

"Vunja," Alice akasema.

Mama mkwe wake, Ruguru, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua ndengu pamoja na mjukuu wake wa miaka sita. Mjukuu naye aliitwa Ruguru, kama ilivyo desturi: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wajina hao walilala kitanda kimoja na kugombania kijiko kimoja, na majirani waliwatania kwamba ni mtu mmoja aliyegawanywa mara mbili.

Kikongwe akaweka ungo chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi hiyo shimo ni ya nani?" Akanyosha kidole ukutani. "Zamani mtu akifia ndani ya nyumba, hakupitishwa mlangoni. Mlango ni wa wazima. Ukuta wa nyuma ulitobolewa, akatolewa hapo, halafu pakazibwa ndio asijue njia ya kurudi. Ukitoboa bure, wale wa huko watakuja kuuliza mtu wao."

"Cucu, hii ni friji, si maiti," Oscar akamwambia bibi, akacheka.

Alice naye akacheka. Tusimlaumu sana. Alizaliwa Mikinduri, mambo ya Mbeere aliyakuta kwenye ndoa, na siku hiyo akili yake yote ilikuwa kwenye yogati. Lakini asiyesikia la mkuu... haya, mwisho wake mnaujua.

Nyundo ilifanya kazi nusu saa. Friji ikapita kwenye tundu, ikasimamishwa jikoni. Oscar akaufunga waya wake wa umeme kwa kamba.

"Usiwashe mpaka kesho. Kwa lori ilikuwa imelazwa, oili yake ishuke kwanza."

Akapigilia turubai kwenye tundu kwa misumari minne, akapanda pikipiki, akaenda zake. Giza lilikuwa linaingia.

Saa moja na kitu, Alice alikuwa akisonga ugali, bibi na mjukuu wameketi kando. Nje upepo ulikatika ghafla. Hata mbuzi walinyamaza.

Turubai ikavutwa nje. Taratibu... Kisha ikarudi ndani. Ikavutwa tena. Ikarudi. Ilikuwa inapumua.

Ikaja harufu. Haikuwa ya vumbi la matofali. Ilikuwa ya udongo wa chini, udongo wenye unyevu, ule unaotoka kaburi linapochimbwa. Na Ishiara haikuwa imeona mvua kwa miezi minne.

Halafu friji, ambayo waya wake ulikuwa bado umefungwa kwa kamba, ikaanza kunguruma.

Mmmmm...

Vioo vyake vikapata ukungu kwa ndani.

"Ruguru..."

Sauti ilitoka nyuma ya turubai. Ya chini. Ya upole, kama ya jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Mtoto akainua kichwa, akafungua mdomo kuitika. Bibi yake akamziba kwa kiganja.

"Ruguru... Njia iko wazi. Toka."

Mwiko ukamponyoka Alice. Hakuwa amewahi kuogopa vile maishani mwake. Shimo lilikuwa moja na wenye jina walikuwa wawili, mmoja akiwa mtoto wake wa pekee. Anayeitwa ni yupi?

"Mama, msiitike," akanong'ona. "Tunyamaze tu. Itaenda."

"Haiendi mikono mitupu," kikongwe akanong'ona. "Ikiita mara ya tatu ikakosa jibu, inajichagulia."

Akamvuta mjukuu wake, akamtemea mate kidogo kifuani, baraka ya wazee. Kisha akasimama. Fimbo yake akaiacha ukutani.

"Ruguru..."

"Ni mimi," akasema. "Nimekuja."

Akainua turubai, akainama, akatoka.

Alice angeweza kumshika. Leso ya mama mkwe wake ilimgusa goti akipita. Hakumshika. Alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, na moyoni, Mungu amsamehe, alishukuru.

Friji ikanyamaza.

Majirani walimkuta Ruguru hatua kumi kutoka kwenye tundu, ameketi chini, miguu ameinyosha, macho wazi. Alikuwa amekufa. Jioni ile ya joto, mwili wake ulikuwa wa baridi mpaka aliyemgusa kwanza akarudisha mkono. Daktari alisema ni moyo, na kwa umri wake nani angebisha? Kuhusu mngurumo, Oscar alisema chuma kilichoshinda juani hulia kikipoa. Alisema hivyo bila kumtazama Alice, akaziba ukuta kwa matofali mapya, akapiga plasta, akakataa hata chai.

Walimzika. Mutugi alilia sana, kisha akarudi Maua. Yogati ikauzwa vizuri kuliko Alice alivyotarajia. Hata hivyo tangu siku ile alimwita bintiye kwa jina la shule tu, Caroline, na aliyesahau akamwita Ruguru aligombezwa hadharani. Usiku alilala akiwa ameushika mkono wa mtoto. Alijiambia kwamba jina lilikuwa limeitikiwa, na deni la namna ile hulipwa mara moja.

Wiki ya tatu, jua likizama, alimkuta mtoto jikoni amesimama karibu na friji, sikio ameliweka kwenye plasta mpya. Alikuwa akiitikia kwa kichwa.

"Caroline, unafanya nini hapo?"

"Naongea na cucu."

Alice akasogea karibu.

"Anasema... anasema nini?"

"Anasema pole, mama." Mtoto akasikiliza kidogo, kisha akageuka. "Amerudishwa. Wamemwambia si yeye waliyemwita."