Safu ya Mawe Arobaini

Aliyelala kwa vita, simwamshe kwa kishindo,
Hajui zilishapita, siku za damu na vundo.

Haya yalimpata rafiki yangu, mwashi. Yeye na mume wa dada yake walikuwa wakisimamisha upya safu ya mawe yaliyoinama katika makaburi ya wanajeshi wa vita vikuu. Dada alikaribia kujifungua, kwa hiyo walikazana. Walishindilia udongo kwa vyuma vizito, na shemeji, ili wasichoke, akaamrisha kama yuko gwarideni: "Kushoto, kulia."

"Shemeji, hawa hawataniwi," mwashi alimwonya.

"Wazee hawa walishastaafu, shemeji. Nani atanikamata?"

Alasiri ile ile wingu likatanda, giza totoro likaingia. Walipotua vyuma, mapigo yaliendelea chini ya nyayo zao, kushoto, kulia, yakizidi kasi. Filimbi ikalia, kama ya afisa anayeamuru askari washambulie. Bunduki ikalia, risasi ikampasua shemeji kifua, damu ikamrukia mwashi usoni. Milio mingine ikafuata kwa mamia, kisha kimya.

Wingu lilipopita, mawe yote arobaini ya safu ile yalikuwa yamelala kifudifudi, yakielekea upande mmoja, na shemeji kati yao. Aliyebaki amesimama alikuwa mwashi peke yake.