Prosesa Iliyoingia Sawasawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Jedidah alimsaidia mama yake kupandikiza miche ya makadamia. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha pale kijijini Kanja tangu baba yao alipofariki. Mama Stephen, kama majirani walivyomwita, alikata kichwa cha mche mchanga kwa kisu kikali, akaupasua katikati, naye Jedidah akachagua kijiti kutoka kwenye ndoo, akakipachika kwenye ufa. Kisha Jedidah alifunga kidonda kwa utepe wa nailoni, akaukaza hadi maji yasipate pa kupenya.

"Tazama unene," mama alisema kila siku. "Kijiti na shina vikilingana unene, kimeshika."

Jedidah aliijua kanuni hiyo kama alivyolijua jina lake. Katika kila miche kumi aliyofunga, tisa ilichipuka, na sifa zilikuwa zimeanza kumpanda kichwani. Asilolijua ni kwamba mama yake aliamka mapema kuliko yeye, akateremka bondeni peke yake hadi kwenye miti mikubwa ya makadamia, akachagua vijiti kimoja kimoja. Vilipofika kwenye ndoo, kazi ngumu ilikuwa imekwisha.

Mwaka huo wa 1998 kaka yake, Stephen, alirudi nyumbani. Alikuwa tarishi katika ofisi moja ya Nairobi. Ofisi ikapunguza watu, naye akaambiwa ashike njia. Wengine walirudi kwao na huzuni tu, lakini Stephen alirudi na wazo. Kwa pesa alizopewa alipoachishwa kazi, alikodi chumba kidogo sokoni Runyenjes. Akanunua skrini, kibodi, sanduku la kompyuta na bodi, yaani ule ubao wa ndani unaobeba vifaa vingine vyote. Alitaka kuunda kompyuta ya michezo, ya mbio za magari na ya mpira, ambayo vijana wangelipa kuicheza likizo ya Agosti. Kilichobaki kununuliwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni prosesa, ubongo wa kompyuta.

"Ikiwaka kabla ya likizo, sitoki tena nyumbani," Stephen alimwambia dada yake. "Isipowaka, mwenye chumba atampa mtu mwingine, nami nitarudi Nairobi kuhangaika."

Hakuna jambo Jedidah alilolitaka kuliko kaka yake abaki. Tangu Stephen arudi, palikuwa na mtu wa kumweleza hesabu za sehemu bila kumkaripia. Palikuwa na mtu wa kumtania mama mpaka acheke na kuuweka mwiko chini. Jedidah alikuwa amesahau kwamba mama yake hucheka hivyo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo, fundi wa stima alikuwa afike Runyenjes kuunganisha umeme chumbani. Ungemkosa fundi huyo, ungemngoja mwezi mzima. Basi Stephen aliifunga bodi kwa gazeti, akampa Jedidah pesa na maagizo.

"Nenda Embu mjini, lile duka nililokuonyesha. Ulizia fundi anaitwa Makandi. Mpe bodi asome nambari zake, aone inatoa volti ngapi. Usilipe kabla hajakwambia ni prosesa gani inafaa. Umesikia?"

"Nimesikia. Kwani mimi ni mtoto?"

"Ndiyo, wewe ni mtoto," Stephen alisema, akacheka.

Dukani Jedidah alimkuta mwenye duka peke yake, mtu wa kitambi aliyejua kuuza kuliko kutengeneza. "Makandi ameenda kurekebisha kompyuta ya shule fulani," alisema. "Atarudi saa nane. Kaa hapo umngoje."

Ilikuwa saa tano na nusu. Jedidah aliketi kwenye benchi, na dakika kumi zikawa ndefu kama juma zima. Isitoshe, alikuwa amemwambia rafiki yake Gatwiri, na Gatwiri akalitangazia darasa zima la saba, kwamba kompyuta ya kina Jedidah ingekuwa na kasi kuliko zote za Embu. Mdomo uliponza kichwa. Jedidah aliinuka, akaomba aonyeshwe prosesa.

Mwenye duka aliweka mbili juu ya kaunta. "Hii ni ya zamani kidogo, ya polepole. Hii nyingine ndiyo mpya, watu wa gemu wanaililia. Bei zimepishana kidogo tu."

Jedidah alifungua gazeti. Bodi ilikuwa na kitako cha mraba chenye matundu mengi madogo, na prosesa mpya ilikuwa na vijipini upande wa chini. Akaiweka taratibu. Kila kijipini kilipata tundu lake, prosesa ikatua bila kusukumwa, na mkono mdogo wa pembeni ukaibana. Haikubaki nafasi ya kupitisha hata unywele. Kimeshika, Jedidah akajiambia, akafurahi kweli.

"Nifungie hii."

"Si ulisema unamngoja Makandi?"

"Nimeona inaingia."

Mwenye duka aliinua mabega. "Haya. Lakini ujue bidhaa ikishauzwa hairudi."

Jioni, chumbani Runyenjes, Stephen aliigeuza prosesa mkononi kwa wasiwasi. Yeye alijifunza kuunda kompyuta kwa kuwatazama mafundi wa ofisini, na alijua vizuri mahali elimu yake ilipokomea. "Hii ndiyo Makandi amesema? Ameisoma bodi?"

Neno moja la kweli wakati huo lingemgharimu Jedidah nauli ya kurudi mjini na aibu ya siku moja. Bei nafuu kama hiyo hakuipata tena.

"Ameisoma," alisema. "Amesema inafaa kabisa."

Kompyuta ikawaka. Gatwiri na wenzake walijaa mlangoni, na gari jekundu lilipotokea kwenye skrini, wote walipiga makofi. Stephen alimpa dada yake kibodi awe wa kwanza kucheza. Jedidah alikata kona ya kwanza, akakata ya pili. Katika mzunguko wa tatu gari lilisimama ghafla. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi mwembamba, kisha skrini ikawa nyeusi. Stephen alichomoa waya, akafungua sanduku na kuigusa prosesa, akaurudisha mkono upesi kwa kuungua. Kando ya kitako, bodi ilikuwa imegeuka rangi kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Watoto waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Jumatatu, siku ya kwanza ya likizo, Stephen alimshika Jedidah mkono wakaenda Embu.

"Fundi wako amenimaliza!" alipaza sauti alipoingia dukani. Wateja waligeuka.

Makandi alitoka chumba cha nyuma akiwa na bisibisi mkononi. Alikuwa binti mwembamba kutoka Meru, amevaa koti la kazi la kijivu. "Nimekumaliza vipi? Mimi hata sikujui."

"Ulimwambia huyu dada yangu kwamba prosesa inafaa!"

"Huyu mtoto? Sijamwona hata siku moja."

Stephen aligeuka. "Jedidah, ni huyu?"

Mle dukani, mbali na Makandi mwenyewe, watu wawili waliujua ukweli. Mmoja alikuwa mwenye duka. Aliogopa kudaiwa, akajitia anapanga risiti. Wa pili alikuwa Jedidah. Alitazama viatu vyake, akaitikia kwa kichwa kwamba ni huyo.

"Basi, Makandi, vua koti," mwenye duka alisema haraka haraka. "Sitaki fundi wa kuniharibia jina."

Makandi alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kaunta. Kabla ya kutoka aliitazama ile bodi mikononi mwa Stephen. "Bodi hii inatoa kiwango kimoja tu cha volti, kile cha prosesa za zamani," alimwambia. "Prosesa hii mpya inataka kiwango cha chini kuliko hicho. Vitako vinafanana, ndiyo maana inaingia, lakini ndani inalishwa kupita kiasi mpaka inaungua, na bodi nayo inaungua. Ungechukua ile ya polepole, gemu zako zingecheza tu. Ningeiona bodi hii, ningekwambia."

Akatoka. Jedidah alijichukia kwa moyo wake wote, na bado hakufungua mdomo.

Asubuhi iliyofuata, kando ya miche, mama aliupasua mche akangoja upachikwe kijiti, lakini mkono wa Jedidah ulibaki ndani ya ndoo.

"Mama, sikumngoja Makandi. Aliporudi sikuwepo. Nilisema uongo."

Mama Stephen aliweka kisu chini. Hakumpiga. "Kaka yako anajua?"

"Hajui."

"Nenda umwambie sasa hivi. Halafu ufue sare yako. Ndiyo utakayovaa kwenda mjini, watu wakuone wewe ni mwanafunzi."

Stephen alisikiliza mpaka mwisho. "Nilimkosea heshima binti wa watu mbele ya umati," alisema. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

Kesho yake wote watatu walimtafuta Makandi kwenye chumba alichopanga nyuma ya soko la Embu, wakaenda naye dukani. Wateja walikuwepo. Mama alisimama nyuma ya Jedidah bila kumsaidia hata neno moja.

"Anti Makandi hakuniambia chochote," Jedidah alisema. "Hakuwepo. Nilidanganya nyumbani, nikadanganya tena hapa."

Mama alimgeukia mwenye duka. "Na wewe, baba, siku hiyo hukuwepo?"

Njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa na duka. Mwenye duka alikohoa, akafungua droo, akaifunga. "Makandi, kesho uje kazini," alisema.

"Nitakuja kwa sababu nina kodi ya kulipa," Makandi alijibu. "Si kwa sababu umeniita."

"Anti, nisamehe," Jedidah alisema.

"Nimekusikia," Makandi alisema.

Stephen aliuza skrini na kibodi, akaambulia kitu kidogo. Bodi haikuwa na mnunuzi. Kufikia Ijumaa, chumba cha Runyenjes kilikuwa na mchinjaji, na vyuma vya kutundikia nyama vilikuwa vimeshapigiliwa darini. Jumapili baada ya kanisa Stephen alifunga mkoba wake. Jedidah alimsindikiza hadi barabarani.

"Kompyuta ningekusamehe siku ile ile," Stephen alimwambia. "Lakini uliniacha nikamwangushe mtu asiye na kosa. Hilo nipe muda." Akamgusa bega, akapanda gari la Nairobi. Jedidah alilia hadi Kanja, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu, kabla jua halijatoka, mama alimwamsha, wakateremka bondeni pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza Jedidah kuiona kazi hiyo. Mama aliutazama kila mti, akaupita huu, akakata kijiti kwenye ule. Mwishowe alisimama karibu na mparachichi.

"Huu una matawi ya unene ule ule," alisema. "Ukiupachika kijiti cha makadamia, kitakaa vizuri, utakifunga, utajisifu. Baada ya wiki mbili kimekauka. Kuingia si kufaa, mwanangu. Mimi nilikufundisha nusu ya kazi, na hilo ni kosa langu. Ila Stephen alikutuma ukaulize ile nusu nyingine, nawe ukaona kuuliza ni jambo la watoto. Asiyejua akiuliza, haaibiki. Lakini uongo ni wako peke yako. Kutouliza kuliunguza bodi. Uongo ndio uliomuunguza Makandi, na ndio uliomwondoa kaka yako akiwa na uchungu. Ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado ni dogo."

"Ndiyo, Mama."

Walipanda kurudi nyumbani, ndoo imejaa. Mama aliupasua mche wa kwanza, akamnyooshea binti yake kijiti. Zamani Jedidah angekipima unene kwa vidole na kukipachika mara moja. Leo alikishika bila kukipachika.

"Mama," aliuliza, "hiki ni cha mti gani?"